Nywele za Chloé Zinazocheza Zenyewe

Jumanne, 5 Septemba 2017

Kiti cha dirishani ni changu! Maman Agnès, mwenye saluni yetu hapa Jules Street, amesema atakayempendezesha bibi harusi Chloé Jumamosi ndiye atakayepewa. Msusi mwenzangu Gaudiose ameanza kukifuta vumbi. Afute tu! Mimi nimeona kwenye simu jinsi ya kutengeneza nyuzi za sumaku. Unakoroga unga wa mwani uwe rojo, unatia unga laini wa chuma, unasukuma kwa bomba la sindano ndani ya maji yenye kalsiamu. Uzi huo! Mwembamba, laini, unapindika. Ukisogeza sumaku, unainama kukusalimia.

Jumatano, 6 Septemba

Jaribio la kwanza: bonge. La pili: minyoo. Gaudiose kauliza kama nafuga. La tatu... nywele! Nyeusi, zinang'aa, zinacheza! Nikapiga yowe mpaka mteja akaruka na povu masikioni. Zikikauka zinakatika. Si kitu, nitazipaka gliserini. Najiambia: Lambert, wewe ni hatari.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimemsuka Chloé nyuzi chache za majaribio, kisha nimepitisha sumaku juu ya kichwa chake. Nywele zikayumba zenyewe. Kacheka mpaka machozi, kasema anataka hizo hizo. Gaudiose kasema eish, Lambert, kanisa letu la Bertrams limejaa sumaku, kuanzia spika hadi maikrofoni. Ati mume wake yeye Gaudiose, Valentin, ndiye fundi mitambo wa pale, kwa hiyo anajua. Wivu mtupu!

Jumamosi, 9 Septemba

Mungu wangu. Chloé kaingia akicheza kama ilivyo desturi yetu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Ile ya nyuma ikampeleka kwenye spika kubwa, ile isiyo na mfuniko tangu Pasaka. Nywele zikainuka. Zikanasa! Kichwa kimelala upande, miguu inaendelea kucheza. Wapambe wakadhani ni mtindo, nao wakalaza vichwa. Kanisa zima likalaza vichwa! Lilikuwa jambo zuri sana, mpaka nyuzi zilipokatika zikabaki kwenye spika. Nilitamani ardhi inimeze. Gaudiose akachomoa kitenge mkobani, akamfunga Chloé kilemba kufumba na kufumbua. Vigelegele.

Jumapili, 10 Septemba

Gaudiose yuko dirishani. Mimi nimehamishiwa karibu na choo. Maman Agnès kanikataza kuweka tena nywele za sumaku kichwani mwa mtu. Nimemwelewa vizuri sana. Nywele, hapana.

Kope je? Hakuzitaja! Diane, mwimbaji wetu wa kwaya, tayari amekubali, na Jumapili ijayo anaimba peke yake. Safari hii nimekuwa mwangalifu: atasimama mbali kabisa na spika. Usoni atakuwa na maikrofoni tu.