Mwisho wa Faili Haukutarajiwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka kudharauliwa. Meza yangu ipo kwenye ujia, kati ya mlango wa choo na rundo la matairi. Kila anayekwenda haja ananiambia samahani, na kila anayerudi anakung'utia maji ya mikono juu ya kibodi yangu. Na chumba cha mhasibu kipo kitupu tangu aache kazi. Kina mlango. Kina feni! Shemeji, yaani mume wa dada yangu na mwenye duka hili la vipuri vya magari, ambaye ameshatangaza kwamba kazini hakuna shemeji, kuna bosi, amesema Jumamosi atateua Mkuu wa Mfumo. Mkuu ndiye atakayehamia humo.

Tunaoijua kompyuta kuu ni wawili tu. Mimi, na keshia, ambaye sote tunamwita Madamu Risiti kwa sababu hata ukimsalimu anataka ushahidi. Leo nimemkuta mle chumbani akipima dirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akasema hana uhakika, ana futi kamba tu.

Tatizo la kazi yangu ni kwamba haionekani. Ni mimi niliyeshauri vipuri vipangwe rafuni kwa namba zinazotolewa na mfumo, si kwa aina, kama wafanyavyo washamba. Sasa plagi inalala na waipa, beringi inalala na taa ya nyuma, na hakuna binadamu anayejua kitu kilipo mpaka aiulize kompyuta. Kisasa kabisa. Na kila Ijumaa nanakili data yote kwenye flashi yangu, ili mambo yakiharibika tuwe na pa kuanzia. Nani amewahi kunishukuru? Hakuna, kwa sababu mambo hayaharibiki!

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kesho yataharibika. Nitaifuta data asubuhi, watu watapiga mayowe, nitairejesha kutoka kwenye flashi kabla ya chai, na Shemeji atanikabidhi ufunguo mbele ya wote. Sioni kasoro. Nimeshabadilisha hata jina langu ndani ya mfumo liwe MKUU WA MFUMO, nisije nikapoteza muda baadaye.

Jumanne, 5 Machi

Nimefuta. Folda nzima. Kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, maana sipendi kazi nusunusu.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Madamu Risiti, kama nilivyopanga. Mteja alitaka pedi za breki, yeye akaandika, kompyuta ikamjibu kwamba haina data yoyote. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni, nisije nikaonekana nilikuwa tayari. Nikatoka nikikunja mikono ya shati. Nikawaomba watu wasogee wanipe hewa. Shemeji akanimulikia kwa tochi ya simu ingawa taa zilikuwa zinawaka. Nikachomeka flashi. Nikabonyeza Rejesha. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, nami nikaanza kutunga maneno ya shukrani.

Ulipofika katikati ukasimama. Kikatokea kidirisha: Mwisho wa faili haukutarajiwa.

Nikawaambia ni kawaida, data ndefu hupumzika njiani. Nikarudia. Mwisho haukutarajiwa tena. Sasa kama ni mara ya pili, asiyeutarajia ni nani? Mteja wa breki akauliza asubiri au aende zake. Shemeji akamwambia asubiri, shemeji yake ni mtaalamu. Ameniita shemeji kazini! Hiyo si dalili ndogo. Ila mteja hakusubiri sana, alivuka barabara akaingia kwa jirani, na sisi tumefunga duka bila kuuza hata nati.

Jumatano, 6 Machi

Nimejaribu nakala za Ijumaa zote zilizopita. Zote zinakatikia njiani. Nimelibadilisha faili jina. Nimelihamishia kwenye kompyuta ya kaunta, ikasema toleo la programu halilingani. Nimelirudisha, ikasema faili linatumika na programu nyingine. Programu ipi? Anayelitumia ni mimi, na halinisaidii kitu! Nimezima, nimewasha. Nimeipuliza flashi. Nimeipangusa kwa spiriti.

Shemeji amepita mara kadhaa kuuliza data imefika wapi. Nimemwambia ipo njiani. Huko dukani wauzaji wanapekua rafu kama watu waliopoteza hereni. Aliyeomba plagi kapewa waipa. Aliyeomba feni belti kapewa kioo cha pembeni cha gari asilokuwa nalo, na nasikia alikaribia kukichukua kwa kuchoka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nimemnong'oneza Shemeji kwamba kuna watu huchaji simu zao kwenye kompyuta kuu, na kwamba virusi hupenda sana kupita kwenye waya. Sikutaja jina la mtu. Nilitazama tu upande wa kaunta. Shemeji akaenda akamnyang'anya Madamu Risiti chaja mbele ya wauzaji wote. Kwa jumla siku haikuwa mbaya.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amekata shauri: mfumo usiporudi kufikia Jumamosi, na mimi nisirudi. Mwenye mabasi, mteja wetu mkubwa kuliko wote, amesema atavumilia hadi siku hiyo, baada ya hapo anahamia kwa jirani. Sina pengine pa kwenda isipokuwa nyumbani kwa mama, na mama ana maswali mengi. Basi nikampigia fundi wa kampuni iliyotuuzia programu. Nikajitambulisha kama Mkuu wa Mfumo.

Akaniuliza flashi ina nafasi kiasi gani. Nikamwambia ni kubwa. Akasema hakuuliza ukubwa, aliuliza nafasi. Nikatazama. Imejaa pomoni! Video za harusi ya dada yangu, hasa ile hotuba yangu ya kaka wa bibi harusi, iliyopigwa kutoka pembe tatu. Fundi akasema basi kila niliponakili, data iliingia ile iliyotosha, nyingine ikabaki nje, ndiyo maana faili linakatika kabla ya kwisha. Akauliza kama kompyuta haikuwahi kunionya. Iliwahi. Kila Ijumaa kilikuja kidirisha kikasema jambo kuhusu nafasi, nami nikabonyeza Sawa. Mtu akikusalimia humwachi hivihivi.

Akauliza tena kama niliwahi, hata siku moja, kujaribu kuirejesha nakala yoyote nione inafanya kazi. Nikamuuliza yeye amewahi kulala ndani ya jeneza lake aone kama linamtosha. Akakata simu. Baadaye ametuma ujumbe kwamba kesho atakuja mwenyewe na nisiguse kitu chochote. Sijagusa. Nimehamisha tu video zote za harusi kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta kuu, ili akija akute flashi tupu, hoja yake imekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Madamu Risiti ameingia kazini amevaa kama anayekwenda kuapishwa. Akatangaza kwamba kwa kutomwamini mtu fulani, amekuwa akiunakili mfumo kwa siri na kuupeleka nyumbani kwake. Shemeji akamshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu. Mimi nikaanza kukusanya vitu vyangu mezani. Fundi alipofika akapewa flashi ya Madamu kabla hajapewa hata kiti. Akaichomeka, akatazama, akaichomoa. Kumbe alichokuwa akinakili ni ile picha ndogo ya kwenye skrini, inayobofywa ili programu ifunguke! Fundi akasema ni sawa na kubeba kitasa ukidhani umehama na nyumba. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sikucheka sana. Fundi akaeleza kwamba data ikifutwa haipotei palepale. Hubaki chini kwa chini ndani ya kompyuta, mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake, kwa hiyo huenda akaiokoa yenyewe. Akatafuta. Juu yake akakuta harusi. Kazi yote ya duka imelaliwa na hotuba yangu. Akabofya ili ahakikishe, na duka zima likanisikia nikimwambia Shemeji kwamba leo amepata mke na ameongeza mtu wa kumtegemea.

Ndipo Shemeji akauliza data ilifutwa na nani. Fundi akasoma kumbukumbu za mfumo: imefutwa Jumanne asubuhi, kwa makusudi, na aliyeifuta anaitwa MKUU WA MFUMO. Madamu Risiti akaomba arudie, polepole. Nilijaribu kueleza kwamba hicho ni cheo, na cheo chenyewe kilikuwa hakijatolewa, hivyo kwa utaratibu hakuna aliyefuta. Shemeji hakupaza sauti. Alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba yeye amechoka kuwa ulimwengu.

Jumamosi, 9 Machi

Duka limefungwa. Tunahesabu vipuri kwa mikono, rafu kwa rafu, viingizwe upya kimoja kimoja. Mwenye mabasi amehamia kwa jirani, tumemwona kupitia dirishani akivuka. Chumba chenye feni amepewa fundi, atakuwa anakuja kila wiki kuzijaribu nakala. Madamu Risiti ameyakunja mapazia yake, nami nikaona si vizuri kutabasamu, nikageukia ukutani nikatabasamu huko.

Dada amekuja kusaidia. Amejifunga kitambaa kichwani, amepiga magoti sakafuni, anatenga beringi na taa. Hakunigombeza. Aliniambia tu, bila kuinua uso, kwamba alimbembeleza mumewe muda mrefu ndipo nikapata kazi hii, na jana amembembeleza tena, na sasa hana kingine cha kumbembelezea. Amempa neno lake: nikiharibu tena, ahesabu kwamba aliyeharibu ni yeye. Basi nimebakizwa stoo ya nyuma, kwa sharti nisiisogelee kompyuta yoyote. Nilijisikia vibaya kwelikweli. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nilikuwa nimebeba betri, nikaiachia mkono mmoja, ikaniangukia mguuni, na mazungumzo yakawa ya mguu.

Jumatatu, 11 Machi

Stoo ya nyuma ina utulivu. Mtu anapata nafasi ya kufikiri. Nimetafakari yote na kosa langu nimeliona wazi: niliitegemea kompyuta. Kompyuta haina shukrani. Safari hii nataka kitu ambacho kila mtu anakielewa, hata Shemeji.

Nimezungukazunguka nikagundua duka zima halina Mkuu wa Usalama. Hakuna hata anayekitaka cheo hicho! Ukutani pametundikwa mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, mzuri, haujaguswa tangu uletwe. Pembeni kuna matambara yenye grisi ambayo hayana kazi nyingine. Kesho saa ya chai wote watakuwepo, na Dada amesema atapita kuniona. Masikini, ameteseka sana kwa ajili yangu. Na yeye aone fahari kidogo.

Moto mdogo tu.