Misumeno Miwili ya Mama Mkwe

Leo nimechekwa na ukoo mzima wa mke wangu, nikiwa juu ya mti. Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla shemeji hajawaeleza.

Mnajua kazi yangu kule Walukuba, Jinja, ni kunoa. Panga, visu, majembe, mikasi ya mafundi cherehani, napitisha tupa vinarudi kazini. Basi mke wangu Nambozo aliponiambia kwao Nakaloke wanataka kutupa misumeno miwili ya kupogolea kahawa, eti imekuwa butu, nilikasirika. Shemeji Watuwa alikuwa ameshapanga kwenda Mbale mjini kununua mipya. Nikamwambia Nambozo ampigie mama yake simu: hakuna kununua wakati mkwe yupo. (Mimi simpigii. Kwa Wagisu, watu wa mke wangu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, na kwetu Bungoma ni hivyo hivyo.)

Misumeno ikaletwa Jinja. Jana nikaikalia kutwa, nikanoa jino moja moja. Halafu nikaona meno yamepinda: hili kulia, hili kushoto, hili kulia. Nikawasikitikia wenye misumeno. Panga likipinda mimi hulinyoosha, basi nikachukua nyundo nikayanyoosha yote, yakakaa mstari mmoja. Nambozo akauliza kama nina uhakika. Nilimjibu vibaya kidogo.

Leo asubuhi tukafika Nakaloke. Akina mama wa kikundi cha kahawa wamekaa uani, kila mmoja na msumeno wake butu, wanangoja kuona. Nikifaulu, yote naondoka nayo. Nikishindwa, Watuwa anaenda mjini. Mama mkwe hakuonekana, kama inavyotakiwa.

Nikapanda mti wa ovakado unaoizibia kahawa jua. Nikavuta msumeno, unga wa mti ukamwagika. Nikavuta tena, safi. Nikawapungia mkono akina mama (ndiyo, nilipunga). Ulipofika katikati ya tawi, ukakwama. Hauendi, haurudi.

"Bwana, hiyo msumeno imekwisha," Watuwa akasema kutoka chini. "Tununue ingine."

Nikamwambia anyamaze. Nikachukua wa pili, nikakata pembeni ili niukomboe wa kwanza. Nao ukakwama. Misumeno miwili, tawi moja, yote mikali na yote haina kazi! Hapo ndipo nikaelewa kwamba yale meno yalipindwa makusudi, yapanue njia ili msumeno upite. Mimi nilikuwa nimetibu ugonjwa usiokuwepo.

Nilishuka? Sikushuka. Nikakanyaga tawi la upande wa pili, nikashika mpini kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mpini ukachomoka. Nikajikuta nimekumbatia tawi, kichwa kinaning'inia, natazama ndani ya bafu la mabati lisilo na paa.

Mama mkwe alikuwa humo. (Amevaa, jamani. Amevaa kabisa.) Alikuwa amejificha asikutane nami, amekalia beseni, anachungulia kwenye tundu la bati. Kisha akainua kichwa. Tukatazamana.

Nikafumba macho. Yeye akajifunika kitenge. Mimi siwezi kushuka, ngazi iko mlangoni pa bafu. Yeye hawezi kutoka, nipo juu yake. Halafu sauti yake ikatoka kwenye mabati. Haikunisemesha mimi, ilimsemesha binti yake.

"Nambozo, mwambie mume wako ashuke. Mimi nimechoka kujificha."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akalala chini.

Nilishuka macho yamefumbwa. Watuwa akapanda na panga kuikomboa misumeno. Nikaenda nayo nyuma ya jiko, nikaomba msumari na nyundo, nikarudisha mpini na kupinda meno upya, hili kulia, hili kushoto. Sikutaka kusemeshwa na mtu. Nikarudi mtini. Tawi lilianguka kabla chakula hakijaiva, na sasa nawaandikia nikiwa njiani kurudi Jinja, misumeno ya kikundi kizima iko miguuni pangu.

Ila familia ilikaa ikaamua: aliyemtazama mama mkwe lazima alete mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi mzima, kwa misumeno miwili niliyokataa inunuliwe upya. Anayetaka kucheka acheke, lakini aje ameshika kamba, na kwenye kamba awepo mbuzi.