Buick ya Jivrajbapa na Safari ya Kurudi Jetpur

Jumanne, 8 Oktoba. Njiani, kusini mwa Delhi.

Tumeondoka kwa binti yetu Hetal alfajiri. Kilomita elfu moja na mia mbili hadi nyumbani Jetpur. Manjula, mke wangu, anadhani tunakwenda moja kwa moja. Maskini! Nina mpango.

Baba mkwe wangu, Jivrajbapa, ana miaka themanini na tisa. Ujanani alikuwa dereva wa mfalme mdogo wa kwetu, akiendesha Buick nyeusi ya mwaka 1937. Serikali ilipofuta posho za wafalme, gari likauzwa na mzee hakuliona tena. Sasa jicho lake moja limezima, na daktari kasema la pili halimalizi mwaka. Mwezi uliopita alisema mbele yetu sote kwamba ana hamu moja tu: alione lile gari kabla ya giza. Shemeji yangu Bhupat, ndugu yake Manjula, akamnunulia redio. Redio! Mimi nitampatia Buick. Jumamosi ni Dussehra, siku ya kuyafanyia magari ibada. Siku hiyo Jetpur nzima itajua nani mkwe na nani muuza sura.

Nimeorodhesha mabanda ya magari ya kale yaliyo karibu na njia yetu. Lazima moja lina Buick yetu. Wenye mabanda ni watu wakubwa, hawaingiliwi hivihivi. Inahitajika akili.

Jumatano, 9 Oktoba. Karibu na Ajmer.

Nilimwambia Manjula tunachepuka kidogo kuona hekalu la kale. Amefunga kwa ajili ya siku tisa za Navratri, anakula viazi na matunda tu, kwa hiyo alifurahi. Alipoona lango lina picha ya gari akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyochacha. Ikabidi nimwambie ukweli. Akaniuliza kwa nini nisiombe tu kuliona. Kuomba! Ukiomba, mtu anapata nafasi ya kukataa.

Nikavaa kilemba cha harusi cha mkwe wangu mdogo, mume wa Hetal (hajui kama ninacho). Nikamwambia mwenye mali, Thakur Bhanwar Singh, kwamba mimi ni binamu wa ukoo wa kifalme wa Vadasar. Akainama. Akanifungulia banda kwa mkono wake.

Mama yangu! Magari kumi na manne. Nilivua viatu bila kuambiwa. Kulikuwa na Daimler ya kijani yenye mapazia ya hariri, ili mabibi waone mji na mji usiwaone. Kulikuwa na gari la kuwindia chui, lina vishikio vya bunduki na taa kubwa kama sinia la pilau. Kila boneti ilinirudishia uso wangu, tena uso mzuri kuliko huu wa nyumbani. Nilinyamaza. Mimi! Manjula alidhani naumwa.

Kisha Thakur akamwita mkewe aje amwone ndugu yake. Mkewe kazaliwa Vadasar. Akaniuliza jina la bibi yangu. Nikasema Gita. Katika ukoo wao hakuna Gita, hajawahi kuwapo Gita. Wana mbwa wawili. Kilemba kimebaki kwao.

Buick haikuwapo. Lakini wakati mimi niko juu ya ukuta, Manjula alikuwa anakunywa chai na mlinzi. Alimuuliza, naye akamwambia kwamba Buick nyeusi iliyotoka kwetu Saurashtra ilipita hapo zamani, ikanunuliwa na Seth Nemichand wa karibu na Sirohi. Bahati yake tu.

Alhamisi, 10 Oktoba. Sirohi.

Leo nimekuwa mtaalamu wa mchwa. Wazo la kibingwa! Magari ya zamani yana fremu za mbao, na tajiri hulala vibaya akisikia neno mchwa. Nikaingia na tochi na koti jeupe.

Seth Nemichand alinishika mikono yote miwili. Akasema amemtafuta mtu kama mimi miaka mitatu. Ana magari ishirini na mawili. Akaniomba nipite chini ya kila moja.

Saa nne nzima nimelala chali! Lakini niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Nimeona matumbo ya Rolls mbili, Packard tatu na Lanchester iliyombeba maharaja siku ya kutawazwa. Chini kule, ambako hakuna mgeni anayeangalia, fundi fulani alisugua kila boliti mpaka ikang'aa. Alimfanyia nani? Nilibaki nimeduwaa, mafuta yakinidondokea sikioni. Seth akauliza mbona kimya. Nikasema nasikiliza mchwa.

Baadaye akataka ripoti. Niliogopa kusema hakuna kitu, nisije nikaonekana si mtaalamu. Nikasema Packard ya katikati imeliwa vibaya. Seth akakaa chini akaanza kulia. Gari la marehemu baba yake! Akaita mafundi waje na shoka, wafumue sakafu. Nikajificha chooni. Manjula ndiye aliyekwenda kumwambia mimi si mtaalamu wa kitu chochote duniani, na akamweleza habari ya Jivrajbapa. Seth akafuta machozi. Akasema Buick aliiuza miaka miwili iliyopita kwa Basaheb wa Ranavadar, binti wa yule yule mfalme, aliyetaka gari la babake lirudi.

Ranavadar! Saa mbili tu kutoka Jetpur! Kumbe tungeanzia nyumbani. Manjula hakunisemesha hadi mpakani mwa Gujarat. Hapo akasema, "Baba Hetal, kesho ukae ndani ya gari. Mdomo ufunge." Nimemkubalia, kwa mdomo.

Ijumaa, 11 Oktoba. Ranavadar.

Kesho Dussehra. Nani anaingia kwa watu bila kuulizwa usiku wa kuamkia ibada ya magari? Kuhani! Manjula alipoingia kupitia mlango wa jikoni, mimi nikajifunga shuka jeupe, nikajipaka majivu na kusimama langoni nikiimba mantra kwa sauti nzito.

Mantra zikaniishia baada ya dakika mbili. Nikaendelea na vituo vya treni, kwa sauti ileile. Rajkooot, Virpuuur, Jetpuuur, Junagaaadh. Watu walikuwa wanaanza kuinamisha vichwa. Mzee mmoja akanigusa bega, akasema kwa upole kwamba nimeruka Gondal. Ndiye kuhani wa nyumba hiyo. Kazaliwa Jetpur.

Hapo akatoka Manjula, ameshikana mkono na Basaheb mwenyewe. Bibi wa miaka sabini na nne, sari nyeupe, ndala za mpira. Aliyaangalia majivu yangu. "Ndiye huyu?" Manjula akasema ndiye, miaka thelathini na moja sasa. Basaheb akampa pole.

Kumbe Jivrajbapa ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kila asubuhi. Alimtafuta, akaambiwa alishakufa. Akasema mzee aletwe kesho, na ibada ya gari aifanye yeye, kama zamani.

Akatuonyesha Buick. Sitaandika mengi. Nyeusi, ndefu, kimya.

Nikampigia Bhupat amlete mzee. Akaniuliza, "Shemeji, safari hii umemdanganya nani?" Wivu huo.

Jumamosi, 12 Oktoba. Dussehra. Ranavadar.

Bhupat alimshusha mzee saa tatu. Jivrajbapa alivua viatu, akafuta kiganja kwenye dhoti yake, shuka la kiunoni, ndipo akaigusa Buick. Alianzia taa ya nyuma, akazunguka polepole, jicho lake limekaribia rangi mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Alipofika mlango wa dereva mkono ukashika kitasa bila kutafuta. Miaka hamsini na tatu! Bhupat alikuwa analia. Nami nililia, na sikujali nani ananiona.

Akapaka alama nyekundu ya tilak kwenye boneti. Mashada ya maua yakawekwa, ndimu chini ya kila gurudumu. Ikabaki nazi. Bhupat akanyoosha mkono. Nazi ivunjwe na Bhupat! Nikaiwahi. Desturi ni kuipasua chini, mbele ya gurudumu. Lakini bampa ilikuwa inang'aa, imara, iko palepale, na nikaona kwa bampa itapasuka kwa pigo moja mbele ya watu wote.

Haikupasuka. Iliruka. Kioo cha taa ya kushoto kikawa vipande vipande.

Nilitamani mbwa wa Thakur. Bhupat akafungua mdomo, na nilijua maneno hayo nitayasikia mpaka nife. Mzee akamwinulia mkono. Akauliza ni taa ipi. Wakamwambia ya kushoto. Akaanza kutetemeka. Nikajua nimemuua baba mkwe.

Alikuwa anacheka. Akageuka kwa Basaheb, akaunganisha viganja. "Binti, nisamehe. Hicho kioo si cha asili. Nilikivunja mimi mwaka sitini na mbili, Dussehra kama leo, kwa nazi. Nikaweka cha basi. Sikumwambia mtu."

Basaheb akasema babake alijua siku ileile. Alimwona kutoka dirishani, amekaa chini anaokota vipande na kulia. Akakataza watu wasimseme. Alisema dereva anayelilia taa si wa kupoteza.

Mzee akaifuta bampa ile kwa ncha ya dhoti yake.

Kisha akapanda mbele. Basaheb akapanda nyuma, akamgonga begani mara mbili, kama alipokuwa mtoto. Injini ikaitika. Wakazunguka ua mara tatu, mwendo wa mtu anayetembea, Bhupat akikimbia pembeni kuelekeza. Mzee alikuwa amenyooka wima, kidevu juu. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama hicho, na nimeona Lanchester.

Aliposhuka akasema, "Nimeliona. Sasa giza lije likitaka." Akanishika kiwiko. "Rasik, mjinga wewe. Asante."

Basaheb kaniagiza nikatafute kioo cha basi.

Jumapili, 13 Oktoba. Nyumbani, Jetpur.

Nimekaa nikatafakari safari. Funzo liko wazi: bila kilemba, mchwa na mantra tusingefika popote. Na bila nazi yangu mzee angekufa na siri yake. Nimemweleza Bhupat kwamba niliipiga bampani makusudi. Manjula anadai kilichofanya kazi ni sentensi moja ya kuomba aliyoisema jikoni. Wanawake hawaoni mbali.

Mzee anaomba kuikalia tena Buick sikukuu ya Diwali, kama jicho litasubiri. Basaheb amesema tuje siku yoyote, lango liko wazi, tusihitaji hata kupiga simu.

Kabla ya kuondoka niliupima ukuta wa nyuma wa Basaheb. Futi saba. Ngazi ninayo, na shuka jeusi, na mzee si mzito.