Unga wa Mifupa wa Daktari Boadi

Yaw Boadi alikuwa anajikinga mvua tu kwenye baraza la kliniki pale Kumasi, lakini masikio yake hayajawahi kupumzika. Alimsikia Serwaa akiwasimulia akina mama wenzake habari za mwanawe Antwi, mwenye mtindio wa ubongo, aliyevunjika paja akivalishwa suruali. Mifupa ni dhaifu, daktari alikuwa amesema. Apewe kalisi na vitamini, ale vizuri, asije akavunjika tena.

Mwenye moyo angelia. Boadi aliona mlango wa riziki.

Alhamisi iliyofuata alirudi na koti jeupe, mkokoteni wa makopo na cheo kipya. Ndani ya makopo mlikuwa na udongo mweupe wa sokoni, ule wanaoutafuna wajawazito, umesagwa na kutiwa vanila. Akahubiri kalisi mpaka mlinzi wa geti akaulizia bei. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Serwaa alikoroga kijiko kimoja kwenye uji, akaonja. Antwi hupaliwa upesi, hivyo hapewi kitu ambacho mama yake hajakionja. Kikombe kikazunguka kwa wenzake, nao wakaonja na kutabasamu mmoja mmoja. Boadi, ambaye hajawahi kubeba mimba wala kumlisha mtoto wa kupaliwa, aliona biashara imejipa.

"Tunachukua yote, Daktari," alisema Serwaa. "Ila kwetu hapa mgeni hupiga hodi kwanza."

Boadi aliijua mila ya hodi, zawadi anayotanguliza mwenye kuja na ombi au posa, akauliza wanataka chupa ngapi za pombe.

"Watoto wetu hawanywi pombe, kaka. Lete mayai, maziwa ya unga na samaki wa kopo wenye mifupa laini. Wako ishirini."

Gharama ilikuwa kubwa, lakini mtego usio na chambo haunasi kitu. Alikwenda akauza saa yake, akarudi anahema na kreti za mayai kichwani. Akina mama wakapokea, wakagawana, wakamwombea dua ndefu kwelikweli. Kisha Serwaa akamrudishia kopo lake.

"Udongo huu niliutafuna miezi tisa nikiwa na Antwi," alisema. "Tena wako una mchanga. Ningempa huu nikaacha dawa yake, mguu wa pili ungevunjika mikononi mwangu."

Boadi aliona aibu, jambo lililomshangaza mwenyewe. Hata hivyo akaomba arudishiwe mayai.

"Hodi hairudishwi, hata mchumba akikataliwa. Nenda salama, Daktari. Uliahidi mifupa ya watoto itapata nguvu, na hapo hukusema uongo."

Antwi, mdomo umejaa samaki, alicheka mpaka mama yake akamwambia ameze kwanza.

Getini mjamzito mmoja alisimamisha mkokoteni, akanusa. Boadi hakuwa na nguvu ya kudanganya tena.

"Ni udongo tu, dada."

"Najua. Hebu nionje." Akatia kidole, akatafuna kidogo, akamrudishia kopo. "Una mchanga."