Siku Bi Champa Alipojisemea Mwenyewe

Leo sina uso. Nimejifungia chumbani na simu yenye chaji kidogo, nawaandikia nyinyi wa kundi hili mlioko Lindi na Dar kabla wa hapa Kilwa Masoko hawajaniwahi. Bora mlisikie kwangu. Wao watatia chumvi. (Ingawa kwa kweli hata chumvi haihitajiki.)

Kwa wasiojua: sisi wanawake wa mtaa huu tuna mapenzi na mcheza filamu mmoja wa Kihindi wa zamani, jina lake Champavati. Sisi tunamwita Bi Champa kama jirani. Filamu zake ni nyeusi na nyeupe, picha zina mikwaruzo, na majina ya filamu zenyewe hatuyajui. Tunaziita kwa mambo yaliyomo: ile ya kisima, ile ya mjane, ile ya mkwe. Kila mwaka tunapanga siku moja ya Bi Champa. Tunavaa kanga sare, tunapika pilau, tunaangalia vipande vya filamu zake, na kila mmoja anasimama kueleza ni wapi Bi Champa alimkuna zaidi. Wanaume wetu hutucheka. Halafu pilau ikiiva wanatuma watoto na mabakuli.

Na mkalimani wa filamu hizo ni mimi, Somoe.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi Lindi miaka mitatu, nikilea mtoto wa familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Nilirudi Kilwa na mikebe miwili ya biskuti na sifa ya kujua Kihindi. Sifa hiyo sikuitafuta, ilinikuta stendi. Miaka mingi baadaye, siku filamu ya kwanza ya Bi Champa ilipowekwa nyumbani kwa Bi Mwajuma, mwenye televisheni kubwa, watu wote walinigeukia. "Somoe, anasemaje?" Ningeweza kusema sijui. Mdomo ninao. Nikasema, "Anasema moyo wake umechoka." Wanawake wakaguna. Mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Tangu hapo nikawa sina njia ya kurudi nyuma.

Sasa nawaambia ukweli, maana leo umeshajulikana. Kihindi changu chote ni hiki: lete maji, funga mlango, mtoto amelala, chumvi imezidi. Na hicho chenyewe siyo lugha ya kwenye filamu, ni Kikachi, lugha yao ya nyumbani. Niligundua hilo baadaye sana, nikanyamaza.

Miaka kumi na tisa nimetafsiri kwa kuangalia nyuso. Mtu akilia, nampa msiba. Akikunja uso, nampa deni la ukoo au mke mwenza. Akisema kwa muda mrefu bila kumeza mate, nampa nasaha. Tamthilia za siku hizi zinakuja na Kiswahili chake, lakini hizi za Bi Champa hakuna aliyezikumbuka, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Lakini dhambi yenyewe ilianza miaka minane iliyopita, mwanangu Salumu alipooa. Mkewe ni Tatu, binti wa mkulima wa Tingi, mpole, mwenye mkono mzuri wa mapishi. Ana jambo moja tu: anapenda usingizi wa asubuhi. Na mimi nikishaswali alfajiri natamani uji wa moto. Kumwambia niliona haya. Nikisema, mtaa mzima utasema Bi Somoe anamtesa mtoto wa watu. Basi nikamwachia Bi Champa aseme.

Kwenye ile ya mkwe, Bi Champa akaanza kuamka mapema. Sikumbuki hata kama kwenye picha kulikuwa na jiko. Akawa anawasha moto watu wamelala, na anasema kwa sauti yangu, "Siwezi kupumzika wakati mama mkwe wangu hajanywa uji." (Siku ile nilijiona nina akili sana.) Wiki hiyo hiyo Tatu akaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Wakwe za wenzangu nao wakaanza. Kina mama wa rika langu wakanipenda, wakawa wananitengea kiti mbele, chenye mto.

Kasoro ilikuwa moja tu, pale mwishoni, Bi Champa anapotoka nyumbani na sanduku. Mama Fadhili, jirani yangu, aliwahi kuuliza, "Mbona amebeba sanduku?" Nikamwambia anakwenda kumtafutia mama mkwe wake dawa. "Na sanduku zima?" Nikamwambia dawa ni nyingi. Akaridhika.

Haya, leo. Saa nane mchana tuko barazani kwa Bi Mwajuma, kanga zote za kijani, televisheni imetolewa nje na kufunikwa kivuli kwa turubai. Spika ipo. Kipaza sauti kipo mkononi mwangu. Wanja nimepaka. Tatu akaingia amemshika mkono bibi mmoja wa Kihindi, mwembamba, mtandio mweupe, miwani minene.

"Mama, nimekuletea mgeni," Tatu akasema, anang'aa kwa furaha. "Huyu ni Bi Gulbanu. Ametoka Lindi, amekuja kumtembelea mdogo wake, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimkuta pale dukani nikamhadithia sherehe yetu. Kumbe naye ni mpenzi wa Bi Champa tangu usichana wake! Nimemwambia mama yangu anajua Kihindi, akafurahi sana."

Nikamwinamia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Ningeishia hapo nisingepata dhara. Lakini wanawake wote walikuwa wakisubiri kunisikia nikikitoa Kihindi. Nikatoa sentensi ninayoitamka vizuri kuliko zote. Bi Gulbanu akanitazama kwa upole, akanijibu kwa Kiswahili cha Lindi kilichonyooka kuliko changu. "Mwanangu, maji nitayatoa wapi? Mimi mgeni hapa."

Bi Mwajuma akasikia neno maji, akapiga kelele ndani waje nayo haraka, mgeni ana kiu. Bi Gulbanu akanywa kwa adabu. Nami nikajifariji kwamba huyu ni mzee, atakula pilau, na saa hizi za joto atasinzia.

Hakusinzia. Alikula vijiko vitatu, akafuta miwani, akakaa kama mtu anayesubiri mahubiri.

Mama Fadhili akasimama wa kwanza. Akasema yeye Bi Champa alimliza kwenye ile ya kisima, pale anapofiwa na wanawe watatu kwa siku moja. Bi Gulbanu akauliza polepole, "Wanawe? Wale si wanafunzi wake? Na hawakufa, wamekwenda matembezi na mwalimu mwingine." Mama Fadhili akanigeukia. Nikasema filamu ile ina matoleo mawili.

Akasimama mwingine na ile ya mjane, pale Bi Champa anapoapa kutoolewa tena, halafu watu wanampigia ngoma. "Lakini anaolewa," Bi Gulbanu akasema. "Ngoma yenyewe ndiyo ya harusi." (Mimi niliwaambia wanampunga pepo.) Nikasema hilo nalo ni toleo la pili. Sauti yangu kwenye spika ilitoka nyembamba.

Kisha akasimama Tatu.

"Mimi ni ile ya mkwe," akasema. "Nilikuja Masoko sijui kitu. Mama yangu mzazi alikwishafariki, sikuwa na mtu wa kunifunda. Bi Champa ndiye aliyenifunda. Kila alfajiri nikiwasha moto, hata nilipokuwa na mimba, hata ile siku nilipokuwa na homa natetemeka, nilijiambia yeye aliweza, na mimi nitaweza."

Makofi yakapigwa. Bi Mwajuma akapiga kigelegele. Mimi nilisimama na kipaza sauti changu nikitambua kwamba hiyo habari ya homa sikuwa naijua. Uji niliunywa tu.

Binti wa Bi Mwajuma akabonyeza rimoti, kikaja kipande chenyewe, cha mwisho. Bi Champa amesimama mbele ya mama mkwe wake, machozi yanamtiririka, anasema neno baada ya neno. Ningeweza kusema nimeshikwa na koo. Badala yake nikaanza, kwa mazoea. "Anasema, mama, nisamehe. Anasema, kama kuna siku uji wako ulipoa..."

Bi Gulbanu akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani. "Samahanini. Tunaangalia filamu hii hii wote?"

"Kwani yeye anasemaje, bibi?" Bi Mwajuma akauliza.

Na hapa ndipo Tatu aliponyanyuka, akanitoa kipaza sauti mkononi, akampelekea mgeni. Kwa nia njema kabisa. Alidhani ananipumzisha.

Kipande kikarudishwa nyuma. Bi Gulbanu akasema bila haraka, akimfuatisha Bi Champa neno kwa neno. "Anasema: miaka saba nimeamka kabla yako nikalala baada yako. Hujaniuliza hata siku moja kama nimekula. Nilidhani nikivumilia utanipenda, kumbe umezoea tu. Kuanzia kesho chai utajipikia. Mimi nakwenda kusomea ualimu."

Kwenye televisheni Bi Champa akabeba sanduku akatoka.

"Na lile sanduku?" Mama Fadhili akauliza.

"Nguo zake."

"Siyo dawa?"

"Dawa ya nini?"

Aliyeanza kucheka ni mkwe mdogo wa Bi Mwajuma, binti ambaye sijawahi kusikia sauti yake tangu aolewe. Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Wakafuata wakwe wengine wote, kuanzia mlangoni hadi mbele. Sisi kina mama wakwe hatukucheka. Bi Mwajuma, mwenye wakwe watatu nyumba moja, alinitazama akasema, "Somoe, umetuponza." Halafu akauchukua ule mto wa kwenye kiti changu akampelekea mgeni.

Nilidhani watanifukuza. Hawakunifukuza, walinisahau, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wakataka filamu yote kuanzia mwanzo, na Bi Gulbanu aisimulie. Nikaenda kukaa nyuma karibu na masufuria, pale wanapokaa watoto. Nikasikiliza. Na mimi nikalia. Mwanamke huyu nimempenda miaka kumi na tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia. Anasema vizuri kuliko nilivyokuwa namsemea. Ana utani hata! Kuna mahali anamchekesha mumewe kwa maneno mawili, na mimi miaka yote pale nilimpa kifo cha shangazi.

Tukarudi nyumbani jua linazama. Tatu alitangulia na sufuria la pilau kichwani, mimi nyuma na upawa wangu, mpaka uani. Nilijua anaweza kufanya nini. Mwanangu Salumu anaye mkononi, Tingi siyo mbali, na sanduku lake liko juu ya kabati. Na Tatu huyu ndiye anayenipaka dawa miguuni. Nikaogopa kweli.

Akageuka. "Mama, ulikuwa unajua wanasema nini?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Wangesema chumvi imezidi ningejua."

Hakucheka. "Kwa hiyo yale maneno ya uji yalikuwa yako."

"Yangu."

Akatua sufuria. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanyoosha miguu. "Sasa mama, si ungeniambia tu? Ningekupikia, kwani uji ni kitu gani. Ila ningejua ni wewe unayetaka, ile siku ya homa ningekuambia naumwa. Bi Champa ningemwambiaje?"

Nilikaa chini, kwenye mchanga, na kanga yangu mpya, nikamwomba radhi mke wa mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, bila mkalimani. Akasema yameisha. Akaniinua kwa mkono, akaniambia ana usingizi.

Ameingia kulala. Ni saa moja na nusu tu ya jioni, lakini nadhani anafidia usingizi wa miaka minane. Kwa hiyo mnaotaka kucheka, nawaomba mcheke kwa maandishi. Msinipigie simu, ataamka.