Nzi Dakani Kwangu

Jumamosi, 3 Machi 1956
Aibu tupu. Wazee wamekaa dakani kwangu, baraza ya mlangoni, baada ya alasiri, na kabla kahawa haijafika mdomoni, nzi alishaogelea. Wamenyanyuka mmoja mmoja wakavuka njia, wakahamia daka la Kamaludin. Kamaludin! Mwenye punda wanaochafua mlango wangu kutwa! Nimemwambia awafunge kwake. Akanijibu kwa upole kwamba ndia hii ipitayo mbele ya milango yetu ni ya wote.

Na muda sina. Ijumaa tarehe kumi na sita Bwana Abdulkadir atakuja kunywa kahawa kwangu, aone ninavyoishi, kisha atoe jawabu la posa ya bintiye Tima. Kamaludin naye amepeleka posa huko huko. Nzi wakibaki, Tima simpati.

Jumapili, 4 Machi
Nimepata akili. Adhuhuri, mtaa umelala, nimezoa mavi yote ya punda kwa kikapu na kuyalundika kwenye kichochoro nyuma ya nyumba ya Kamaludin. Mali imerudi kwa mwenyewe. Nikayamwagia maji yasipeperuke. Kichochoro hicho kinapakana pia na ua wangu, ulio ng'ambo ile ile ya njia, lakini kati yetu pana ukuta wa mawe, wenye tundu dogo tu la kupitishia maji.

Mchanga mweupe kutoka kisiwa cha Manda umefika, nimeumwaga uani. Marehemu baba hakumpokea mgeni wa heshima bila kutandaza mchanga mpya mlangoni. Shangazi yangu Bi Mwanamkisi, anipikiaye na kunisema, ameuliza mbona nanuka. Jasho la kazi, nikamwambia.

Jumatano, 7 Machi
Ushindi! Nzi wote wamehamia nyuma. Nimechungulia: lundo limejaa funza weupe, wamenona kuliko mimi.

Bwana afya wa kutoka Mombasa amepita mtaani kutusomesha. Nzi hutaga kwenye mavi mabichi na taka zenye unyevu, mayai yakaanguliwa yakatoa funza upesi sana. Dawa, asema, ni kuyaanika mavi yakauke au kuyafukia chini kabisa, na chakula kiwekwe chini ya kawa. Alipofika kwenye habari ya funza wakishashiba huenda wapi, nikaondoka. Aliyekwisha shinda vita hafundishwi kupigana.

Jumamosi, 10 Machi
Funza hawapo! Nadhani wamekufa kwa ulafi. Alhamdulillahi.

Kamaludin amegundua lundo. Hakuteta. Amelibeba lote hadi ufukweni akalitandaza juani. Mtu mzima kuanika mavi! Nimemcheka mpaka mbavu zikauma.

Shangazi ananiharibia furaha. Asema ameona funza wakipenya tundu la maji, na sasa mchanga wangu umejaa vitu vidogo vya rangi ya kahawia, mfano wa punje. Ataka kuumwagia maji ya moto. Nimekataa. Hizo ni mbegu za nyasi, na mchanga wa mgeni haupikwi.

Ijumaa, 16 Machi
Ee Mola, nisitiri.

Asubuhi niliutandaza mchanga mbele ya daka, ukang'aa. Baada ya sala akaja Bwana Abdulkadir, kanzu imepigwa pasi. Udi ukafuka, halwa chini ya kawa. Nzi, hakuna hata mmoja. Akasifu usafi. Akakohoa, akaanza kusema habari ya Tima.

Jua lilikuwa limeupiga mchanga. Ukaanza kutikisika. Wakatoka nzi wachanga, mabawa bado yamekunjamana, wakaipanda kanzu ya mgeni kwa miguu. Nikafunua kawa haraka nimpumbaze kwa halwa. Wakati huo mabawa yalikuwa yamekwisha kukauka. Halwa ikawa nyeusi.

Shangazi hakunihurumia. Alisema kutoka nyuma ya mlango, na mgeni anasikia: "Mwanangu, we huwafukuzi nzi. Wawafuga."

Bwana Abdulkadir alijipangusa, akaaga kwa adabu, akavuka njia. Kwa Kamaludin hapakuwa na nzi hata wa dawa. Nimewasikia wakicheka mpaka alasiri.

Jumapili, 18 Machi
Jawabu limetoka. Tima ni wa Kamaludin. Nimelia, sioni haya kuandika. Kisha nikala halwa, upande wa chini ambao nzi hawakuufikia.

Jioni Shangazi kaja na habari. Bwana Abdulkadir ana binti wa pili, Ummu, hajaposwa, na babaye amesema nyumba yangu ikisafika niende tuzungumze. Nikakaa nikafikiri kwa makini. Kosa langu nimeliona: ni kile kikapu. Mavi mengi namna ile hayabebwi kwa mkono.

Kwa hiyo nimenunua punda wa kuyabebea. Mkubwa, mlaji hodari. Ili asichafue njia ya watu, nimemfunga uani, pale penye mchanga uliobaki, na nimemwagia maji chini apate ubaridi. Kamaludin amevuka njia kuja kunipongeza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nadhani anaona wivu.