Mikanda Myekundu ya Anse Zabriko

Jumatatu, 11 Februari

Kisiwa kizima cha Carriacou, huku Karibiani, hakuna anayejua kutunza siri kama mimi, Septimus Bedeau. Ghuba ya Anse Zabriko nimeificha miaka yote! Mchanga mtupu, na mti mmoja mkubwa wa mkungu ambao marehemu mke wangu Ismay alikuwa akijilaza chini yake kila Jumapili baada ya ibada. Mguu wa mgeni haujakanyaga.

Haya, uongo. Mwaka juzi nilimwambia nahodha mmoja anayetembeza wageni. Nilikuwa nimeonja ramu yake, ile kali ambayo hata barafu huzama ndani yake. Nikamchorea na ramani. Sasa pale ni viti vya kukunja na mwanamke mmoja anayesimama kwa kichwa.

Ningevumilia. Lakini leo Verlyn kapiga simu kutoka Huddersfield, Uingereza. Binti yangu! Anakuja Ijumaa. Hataki hoteli, hataki karamu. Anataka siku moja chini ya mkungu wa mama yake, yeye na mimi, kimya. Kwenye mazishi hakuweza kuja. Akauliza kama bado kuna utulivu. Nikamwambia upo, hadi unasikia kaa wakitembea.

Mdomo huu!

Jumatano, 13 Februari

Nimepata akili. Ufukweni kwetu kuna mansinili, mti wa sumu. Utomvu wake unababua ngozi, hata matone ya mvua yakidondoka kutoka majani yake yanababua. Ndiyo maana shina lake hupakwa mkanda mwekundu. Mgeni akiona mkanda hasogei karibu. Basi nitaipaka miti yote ya Anse Zabriko!

Jirani yangu Compton, fundi mashua, ana rangi nyekundu. Nikamwomba kopo. Akauliza la nini. Nikasema mlango wa choo. Akasema we mzee, choo chako hakina mlango. Nikamjibu kwamba kila mlango huanza na rangi.

Alhamisi, 14 Februari

Alfajiri nimepaka. Minazi, mizabibu ya pwani, yote. Kwenye mkungu nilisita. Lakini brashi ilikuwa imeshalowa.

Mavuno yamekwisha, mbuzi wa kisiwa wamefunguliwa wazurure watakavyo. Beberu langu likanifuata likatumbukiza ndevu koponi. Shetani! Nikalifukuza.

Wageni wakaja. Wakaona mikanda. Mayowe! Yule wa kusimama kwa kichwa aliporomoka kama gunia. Wakabeba viti wakatoweka. Nikacheza peke yangu mchangani mpaka goti likakataa.

Jumamosi, 16 Februari

Ghuba tupu. Bahari imetulia. Verlyn kavaa kofia ya majani ya mama yake. Mimi nimebeba shelisheli la kuchoma na samaki. Nikajiona mfalme.

Akauona mkungu, akakimbia kama mtoto. Kisha akasimama ghafla.

Mkanda.

Nilikuwa nimesahau. Alipokuwa mdogo aliuma tunda la mansinili, midomo ikavimba, Ismay akamuuguza wiki nzima. Aliondoka hapa mtoto. Majani ameyasahau, ila wekundu ule hajausahau. Akanivuta mkono nirudi nyuma. Akauliza, Baba, si ndio ule wa sumu huu?

Hapo ndipo ningesema ni rangi tu. Lakini ningesema rangi, ningelazimika kusema wageni, na ramani, na ramu. Nikasema mkungu wa mama yako ulikufa, huu ni mwingine, wa sumu.

Hakulia. Afadhali angelia. Tulikula garini, joto la tanuri. Akanipa pole. Mimi! Akasema kumbe nimebaki peke yangu bila hata mti.

Shelisheli nikalifunga tena.

Jumatatu, 18 Februari

Verlyn kaondoka asubuhi. Kaniachia ile kofia, akasema niitundike mahali ambapo Mama angependa.

Compton kakutana na beberu langu, ndevu nyekundu kama boti yake. Kacheka mpaka akakaa chini. Halafu kaenda kuwatangazia wageni kwamba sumu ya Anse Zabriko inatoka kwenye kopo lake.

Alasiri nikaenda. Wamejaa tena. Yule mwanamke kasimama kwa kichwa chini ya mkungu wa Ismay, kivuli chote chake. Nikakaa juani, mbali, kofia mapajani. Nikatoa simu nimpigie Verlyn. Nikairudisha mfukoni.

Jumanne, 19 Februari

Verlyn kapiga mwenyewe. Kafika salama. Akauliza kama kuna ghuba nyingine tulivu, mwakani arudi. Moyo ukaruka! Nikamwambia ipo, Petit Sel, nyuma ya makaburi. Aijuaye ni mimi tu na marehemu.

Hilo lilikuwa kweli kabisa, hadi saa sita mchana. Gatini nikamkuta yule nahodha, na chupa yake, amenuna. Analalamika kwamba Anse Zabriko siku hizi kuna kelele, anauliza kama naweza kumsaidia mzee mwenzangu. Mtu mwenye huzuni namna ile utamnyima? Nikamchorea. Ila nimemwapisha asimwambie mtu.

Compton, najua ukija kuazima kiberiti unasoma humu. Ile Jumapili ya mashindano ya mashua, nani alimwambia mkeo kwamba ulikuwa kanisani? Basi nifanyie na mimi hisani kidogo. Ile rangi nyekundu iliyobaki, usiimalize.